Eneo Wazi, Hakuna Mtu

1

Kabla ya kugusa swichi, Zaituni Ntandu alifanya yale aliyoyafanya kila asubuhi. Alipapasa waya wa mashine tangu kwenye soketi hadi kwenye holda, kishikio cha kijiti cha kuchomelea, akitafuta mahali palipochubuka. Alipiga brashi kipande cha chuma mpaka kikang'aa, akabana hapo koleo la ethi, karibu kabisa na mshono atakaochomelea, ili umeme usitafute njia nyingine ya kurudi, hasa njia ya kupitia mwilini mwake. Akasimama juu ya ubao mkavu. Glovu zilikuwa kavu. Ndoo ya mchanga ilikuwa mkono wa kushoto. Mdomoni mwa bomba feni ya kunyonya moshi ilinguruma kwa nguvu, hata mtu akahisi kama yuko tumboni mwa trekta.

Bomba lenyewe lilikuwa kipande cha mnara wa mtambo wa umeme wa upepo, kimelazwa chini katika karakana kubwa nje kidogo ya Singida, kipana kiasi cha kuegesha lori ndani. Upande wa nje, mikono ya roboti ilichomelea mishono mirefu ya duara. Humu ndani, kwenye vishikio vya ngazi na pembe za milango, roboti hazikuweza kujipinda. Kazi ilibaki ya watu.

Akashusha Mboni usoni.

Mboni haikuwa na kioo cheusi kama ngao za zamani. Ilikuwa kofia iliyofunika uso mzima, kamera mbili nje, skrini mbili ndani, na jicho la fundi halikukutana kabisa na mwali. Zaituni aliipenda. Miaka mingi ya vioo bandia vya gulioni ilikuwa imemwachia makovu kwenye macho yote mawili, na bila kofia hii dunia yake ilikuwa kama inatazamwa kupitia mfuko wa nailoni. Akiwa ndani ya Mboni aliona tundu la ukubwa wa punje ya ulezi.

"Eneo wazi," sauti laini ikasema sikioni mwake. "Hakuna mtu."

Alitazama kushoto, kulia na chini, kwa sababu ndivyo alivyojifunza. Chuma kitupu.

"Nimeona," akajibu. Bila neno hilo mashine haikutoa umeme.

Akakwangua kijiti kwenye chuma. Mwali ukashika, cheche zikaruka.

Mtu akapiga ukelele.

Zaituni alirudisha holda nyuma, mwali ukakatika. Akageuka huku na huku. Ukuta, ngazi, vumbi. Ukelele uliendelea, karibu kabisa, kana kwamba chuma chenyewe kinalia. Kisha kitu kikamkamata mguu. Akautazama mguu wake. Aliona suruali imekunjamana, imebanwa kama na vidole vitano, na hapakuwa na vidole.

Akainua Mboni.

Lugembe, kibarua mpaka rangi, alikuwa amepiga magoti mbele yake. Mkono mmoja ulikuwa umemshika Zaituni mguu, wa pili umefunika jicho la kulia, na baina ya vidole kilipita kitu chekundu. Kopo la rangi lilikuwa limemponyoka, limepinduka. Alikuwa akipaka kiungo cha ngazi, uso wake umbali wa mkono tu kutoka pale kijiti kilipogusa.

"Mtani!" Zaituni akasema. "Mtani, umetokea wapi?"

Lugembe alilia tu.

Simu ya dharura ilikuwa ndani ya Mboni. Zaituni akaishusha tena ili aite msaada, na Lugembe akatoweka. Kopo lilibaki, na rangi ilikuwa ikitambaa sakafuni. Kilio kilibaki. Mtu hakuwepo.

"Kuna majeruhi!" akapaza sauti ndani ya kofia. "Leteni machela, bomba la kati! Kuna mtu ameungua macho!"

"Eneo wazi," sauti ikamjibu kwa upole uleule. "Hakuna mtu."

Aliivua, akaitupa, akambeba Lugembe mgongoni.

2

Hospitali ilimlaza Lugembe katika wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, ambacho hakikumsaidia kitu kwa kuwa macho yote mawili yalikuwa yamefungwa bandeji. La kushoto lingepona. Lilikuwa limepigwa na mwanga tu, maumivu yale ya kuhisi mchanga wa moto chini ya kope. La kulia liliingiwa na chuma kilichoyeyuka. Daktari alikuwa amekwisha sema halitapona, na mkewe, Mama Shija, hakutaka kulirudia neno hilo.

"Nilimletea viazi nimkatie vipande, nimwekee machoni," alisema Mama Shija. "Nesi akanifukuza navyo. Kaa hapo, fundi. Tumia hicho kiti, mimi nimechoka kukaa."

"Nani huyo?" Lugembe akauliza.

"Ni mimi, mtani."

"Aa." Akageuza uso upande wa sauti. "Leo umenisalimia."

Wawili hao walikuwa wakiitana mtani tangu siku za gereji za mtaani, na hakuna aliyekumbuka utani huo ulianzia wapi. Zaituni alingoja kicheko kifuate. Hakikufuata.

"Unasemaje?"

"Nasema leo umenisalimia. Humo ndani, feni zikivuma, watu husalimiana kwa mkono, si ndiyo? Basi mimi tangu mpewe hizo kofia nakupungia mkono kila asubuhi. Unanipita kama nguzo. Nikamwambia huyu mwanamke, fundi Zai kapandishwa cheo, siku hizi anasalimia mabomba tu. Tukakaa hivyo. Sisi vibarua wote tumezoea. Mkija, tunapisha. Tulijua ni dharau."

"Sikukuona, mtani."

"Nilikuwa mbele yako."

"Ndiyo. Ulikuwa mbele yangu, na sikukuona. Kofia inawafuta."

Alimweleza taratibu, kama alivyoshuhudia: mguu uliobanwa na hewa, kopo lililobaki, kilio kisicho na mwenyewe. Lugembe alisikiliza akiwa ameelekeza uso darini. Mama Shija aliacha kukunja kanga aliyokuwa akiikunja.

"Inawafuta kina nani?" akauliza.

"Wasio na kitambulisho. Leo asubuhi nimesimama nayo getini. Mlinzi nilimwona. Mafundi niliwaona. Wazoa vyuma chakavu, wapaka rangi, wafagiaji, sikumwona hata mmoja. Nikiinua, wamejaa. Nikishusha, uwanja mweupe."

"Sawa," Lugembe akasema. "Kofia haina macho. Lakini wewe, mtani, mdomo unao. Mbona hukuita?"

Hilo ndilo Zaituni alilokuwa akiliogopa njia nzima.

Kwenye gereji za mtaani, wote walikotoka, hakuna fundi aliyewasha mwali bila kuita. Hugonga chuma kwa nyundo mara tatu, maana mlio wa chuma hushinda kelele, kisha hupaza sauti: "Macho!" Na kila aliye karibu, awe fundi, muuza karanga au mpita njia, hugeuza uso na kujibu: "Yangu!" Yangu nimeyalinda, washa. Asiyejibu hufuatwa alipo. Watoto wa mitaa ile waliijua desturi hiyo kabla ya kujua kuhesabu. Mboni zilipoletwa, Kampuni yenye karakana iliukataza wito huo. Mashine ilisubiri neno moja tu, "nimeona". Ikisikia kelele nyingine ilijifunga, na fundi aliandikiwa uzembe. Walipofungiwa mara kadhaa, wote waliacha.

"Walitukataza," akasema.

"Na ukakatazika."

"Nikakatazika."

Mama Shija alisogea karibu. Hakupandisha sauti. "Jana amekuja mtu wa Kampuni hapa, na simu yake. Ametusikilizisha sauti yako, fundi. Inasema nimeona. Akasema, mama, huyo ndiye aliyemchoma mumeo, kwa kinywa chake. Au kama si hivyo, basi mumeo aliingia kwa kujipenyeza, na hapo hatuhusiki. Chagueni. Sasa mimi nakuuliza wewe. Uliona nini?"

"Chuma kitupu."

"Basi ulisema umeona nini?"

Kilichompanda Zaituni kifuani polepole hakikuwa aibu peke yake. Aibu aliijua. Hiki kilikuwa cha moto zaidi: mtu alikuwa ameliazima neno lake, akalitumia, na sasa alikuwa akimrudishia likiwa na damu.

3

Zaituni hakuwa mtu wa kuhukumu haraka. Alikwenda kwanza kumsikiliza Kilatu, meneja wa usalama, akitumaini kuambiwa kwamba ni hitilafu. Hitilafu angeielewa. Mashine huharibika.

"Si hitilafu," Kilatu alisema. Alikuwa kijana mstaarabu, aliyempisha kiti na kumwagizia chai. "Nitakuwa mkweli kwako, dada Zaituni. Sheria inasema mwali usiwashwe kama kamera imemwona mtu asiye na kinga ndani ya hatua kumi. Sheria nzuri. Tulipowasha Mboni wiki ya kwanza, mashine zilikataa kazi kutwa nzima. Kila kona kuna kibarua. Walioitengeneza wakatuambia kuna mpangilio wa kupunguza vurugu za picha. Vitu vinavyotembea ambavyo havijasajiliwa vinaondolewa, pale pale panajazwa rangi ya ukuta. Kamera ikawa haioni mtu. Kazi ikaendelea."

"Vitu."

"Ni lugha ya mitambo."

"Mngewasajili. Mngewapa na wao kofia."

"Kofia ina kitambulisho. Mwenye kitambulisho ni mwajiriwa wetu, ana bima, ana likizo. Hawa ni wa wakala. Wakala anasema si wake, anawaokota getini." Akanyanyua mikono kidogo. "Unaona ugumu."

Zaituni aliuona. Aliuona vizuri kuliko alivyoona kikombe kilichokuwa mbele yake, ambacho kwake kilikuwa doa jeupe lenye mvuke.

"Mkaguzi wa serikali anakuja kesho kutwa," Kilatu akaendelea. "Atakuuliza. Utasema ulikagua, hukuona mtu, na kwamba yule aliingia baadaye. Sikuambii udanganye. Kwa ulivyoona wewe, si ndivyo ilivyokuwa? Ukisema Mboni inaficha watu, atazifungia zote siku hiyohiyo. Mimi nitapata kazi kwingine. Lakini nyinyi mafundi wa zamani, nani kati yenu anaweza kuchomelea bila hizi kofia? Wewe unaweza?"

Zaituni aliinuka. Alimshukuru kwa chai, akatoka bila kuinywa.

Mzee Mughwai alikuwa amekaa kwenye kivuli cha bomba, anakula muhogo wa kuchemsha kwa kuupapasa. Ndiye aliyemfundisha Zaituni kushika holda, enzi zile wanawake hawakukaribishwa gereji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimesikia. Karakana nzima imesikia." Akamega muhogo. "Unataka kunipeleka kuchunga mbuzi, Zai? Nitawachungaje, nami siwezi kumtofautisha mbuzi na kichaka?"

"Mzee, Lugembe amepoteza jicho."

"Na mimi nimepoteza mawili. Nani alikuja kunikagua? Niliungua na vile vioo vya gulioni vya kupaka masizi, nikakaa nyumbani nikiongozwa na mjukuu kwenda chooni. Kofia hii ndiyo iliyonitoa ndani. Naona mshono. Namwona mke wangu kwenye picha. Lugembe namhurumia, ni mtoto wetu. Lakini ni mmoja."

"Kofia haisemi ni mmoja, mzee. Ingesema mmoja nisingewasha. Inasema hakuna."

Mughwai aliweka muhogo chini.

"Ulipokuwa mwanafunzi wangu," akasema, "uliwasha siku moja bila kuita. Nilikufanya nini?"

"Ulininyang'anya holda. Nikafagia mwezi mzima."

"Kwa nini? Hakuna aliyekuwepo siku ile. Nilikuwa nimehakikisha mwenyewe."

"Ulisema fundi haiti kwa kuwa amemwona mtu. Anaita kwa kuwa hawezi kuona wote."

"Nilisema hivyo?" Mzee akafuta vidole kwenye suruali. "Nilikuwa na domo sana. Toka hapa, niache nile."

4

Mgeni yeyote aliyefika karakana alivalishwa Mboni getini, kwa usalama wake. Ndivyo lilivyosema bango. Mkaguzi, Bi Nakijwa, alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, aliyetembea taratibu na kugusa kila alichoelezwa. Aliivaa kofia, akaikaza mwenyewe, akaingia. Kilatu alitembea pembeni yake akionyesha vizima moto. Mara mbili alimshika kiwiko na kumsogeza kando kidogo, kana kwamba sakafu ina shimo.

"Hii ni mara yangu ya tatu hapa," Bi Nakijwa alisema walipofika kwenye bomba la kati. "Nakiri sijapata kuona karakana iliyopangika hivi. Kazi kubwa, watu wachache."

"Tunajitahidi, mheshimiwa."

"Fundi ndiye huyu? Pole kwa yaliyokukuta, mama. Zimeni hiyo feni tusikilizane. Nionyeshe ulivyofanya siku ile, hatua kwa hatua. Usiwashe mwali, fika hapo tu."

Feni ikazimwa. Kimya kikaingia ndani ya bomba, na kwenye kimya hicho Zaituni alisikia brashi ikikwaruza mahali fulani juu. Akapapasa waya. Akabana koleo la ethi, akaeleza kwa nini hapo na si mbali. Akaonyesha ubao, glovu, ndoo ya mchanga, akafungua mifuko kuonyesha kwamba hana kiberiti. Kisha akashusha Mboni.

"Eneo wazi. Hakuna mtu."

Bi Nakijwa aliisikia pia kwenye kofia yake. Akageuza kichwa kushoto, kulia, chini. "Ni kweli," akasema. "Ni sisi watatu tu. Halafu ukajibu."

"Halafu nikajibu."

"Ulijibuje?"

Kilatu alikuwa akimtazama. Zaituni alimwona vizuri sana ndani ya skrini, hata kitufe kimoja cha shati lake kilicholegea uzi. Alijua kwamba huenda ndiyo mara ya mwisho kuona kitufe. Akawaza kwamba ameishi miaka mingi akiyaonea huruma macho yake mwenyewe, na kwamba kuna watu walioketi kwenye chumba chenye chai wakaipima huruma hiyo, wakaona inatosha kuwafungia wengine nje ya dunia. Akaiweka holda chini, juu ya ubao, kama inavyotakiwa.

Akaokota nyundo ya kubangulia magamba ya mshono. Akagonga chuma mara tatu. Bomba zima likalia kama kengele.

"Macho!"

Jibu la wito huo halihitaji kufikiriwa. Mtu hulijibu kabla hajajua kama amekatazwa.

"Yangu!" ikatoka juu ya ngazi, kwenye hewa tupu.

Bi Nakijwa akaruka.

"Yangu!" sauti ya mwanamke, ukutani mkono wa kulia.

"Yangu!"

"Yangu!" mbili kwa pamoja, nyuma ya Kilatu.

"Yangu!" ikatoka chini, usawa wa goti la mkaguzi. "Na samahani mama, umenikanyaga kidole."

Nje ya bomba nako sauti zilianza kujibu, kutoka kwenye mabomba mengine, kwenye rundo la vyuma chakavu, kule kwenye matangi ya rangi, ambako skrini ilionyesha uwanja mweupe unaong'aa kwa jua. Yangu. Yangu. Zilipungua, zikakatika. Kisha ikaja moja iliyochelewa, nzito, ya kizee, karibu na mdomo wa bomba.

"Yangu," alisema Mughwai. "Na yalishaondoka, lakini ni yangu."

Bi Nakijwa alivua kofia yake. Alifanya hivyo polepole, kama mtu anayefunua maiti. Alitazama kushoto, kulia, chini. Mwanamke mwenye ufagio alimsalimia kwa kichwa. Kijana aliyekuwa juu ya ngazi alishikilia brashi isidondoshe rangi. Babu mmoja mwembamba alikuwa amechuchumaa miguuni pake, akipuliza kidole.

"Hawa wamekuwa hapa tangu lini?" akauliza.

"Mimi tangu ile mara yako ya kwanza, mama," mwenye ufagio akajibu. "Nilikuamkia. Hukuitikia."

Mkaguzi alimgeukia Kilatu. Hapo tu ndipo alipogundua kwamba kofia ya Kilatu ilikuwa imepandishwa juu ya paji la uso, na kwamba ilikuwa hivyo tangu getini.

"Wewe ulikuwa unawaona."

"Mheshimiwa, ni suala la mpangilio tu, tunaweza..."

"Ulikuwa unanishika mkono ili nisiwagonge."

Kilatu aliivua kofia yake.

"Mashine hizi zote zizimwe," Bi Nakijwa alisema. "Kofia hizi zikusanywe leo. Hakuna atakayevaa kitu kinachomficha mtu, mpaka kila aliye humu awe na yake, na kila kofia imwone kila mtu. Nitakaa hapa nishuhudie."

Mpaka kila mtu awe na yake. Zaituni alijua kipindi hicho kinaweza kuwa kirefu. Pengine kirefu kuliko umri wa kufanya kazi uliokuwa umembakia, na hakika kirefu kuliko wa Mughwai. Aliwatazama wote kwa macho yale aliyoazimwa. Yaani mafundi waliokusanyika mdomoni mwa bomba, maana vibarua, kofia ikiwa bado usoni, hakuweza kuwaona.

"Fundi," mkaguzi akasema kwa upole zaidi. "Hujamaliza. Siku ile ulijibuje?"

"Siku ile nilisema nimeona."

"Na leo?"

Mashine ilikuwa imejifunga kwa zile kelele, lakini ndani ya Mboni sauti laini ilikuwa bado inasubiri neno lake. "Eneo wazi," ikarudia. "Hakuna mtu."

"Sijaona," Zaituni akasema.

Mboni haikufundishwa jibu hilo. Ikanyamaza, ikafikiri, ikarudia. Zaituni akaivua kofia, na ukungu ukamrudia machoni. Ndani ya ukungu huo bomba lilikuwa limejaa vivuli vinavyosogea, vinavyokohoa, vinavyonuka rangi. Akainua mkono, akavipungia.

Kofia aliilaza chini, juu ya ubao mkavu. Iliendelea kusema humo ndani kwa sauti ndogo, eneo wazi, hakuna mtu, eneo wazi, na watu wakaivuka mmoja mmoja kwenda kumsalimia.